Bahari Chini ya Makole

Ghorofa ya pili, Dodoma. Vumbi jekundu
limelala kwenye kibodi tangu Jumatatu.
Hapa hakuna bandari. Kuna zabibu, kuna upepo wa Julai
unaogonga mabati kama mdai,
na mezani pangu kuna bahari,
imefika katika faili mia nne na kumi na moja.

Kila faili ni kamba iliyoteremshwa majini:
juu vuguvugu, chini baridi, chumvi ikipanda na kushuka
mita kwa mita hadi gizani.
Lakini kila mkono ulioshika kamba ulikuwa na lugha yake.
Mmoja kaandika JOTO. Mwingine, J1.
Wa tatu hakuandika kitu,
akaamini safuwima ya pili itajisemea.
Huyu anahesabu kina kwa hasi, kama deni;
yule kwa chanya, kama akiba.
Na maji ni yale yale.

Kazi yangu ni kuyapa majina.
Jina moja kwa kitu kimoja, kutoka kamusi ya pamoja,
ili mtu wa Lima aelewe bila kunipigia simu.
Kizio kando ya namba. Kina, chanya kikielekea chini.
Na pasipo kipimo naandika hasi tisa tisa tisa tisa,
wala si sifuri.
Sifuri ni jibu.
Kutojua kuna alama yake, na alama hiyo haiazimwi.

Kaka yangu Ndahani huchimba visima Chamwino.
Ana daftari, kona zimeliwa na mchwa:
"Mita sitini na mbili. Chumvi kidogo."
Nikamwuliza: sitini na mbili kutoka wapi,
mdomo wa bomba au uso wa ardhi?
Na kidogo kwa ulimi wa nani?
Alicheka hadi tonge likamponyoka.
Mwezi uliofuata pampu ilinyonya hewa,
pungufu ya nusu mita.
Hilo hakuniambia. Nililisikia kwa mkewe.

Kisha faili za fundi Kombo Vuai, zote saa mbili.
Saa mbili usiku wa manane, ilivyosoma kompyuta,
na jua limekwisha kupasha maji ya juu?
Nilimpigia, yuko Chake Chake, amestaafu.
"Saa mbili ni saa mbili, dada. Tulikuwa tumeshakunywa chai."
Basi ni nane ya kompyuta, tano ya saa ya dunia.
Kwenye mstari wa historia nikaandika:
saa imesahihishwa, kwa simu, kwa ushahidi wa chai.

Faili ya mia mbili thelathini na sita.
Latitudo sita nukta mbili, kusini.
Longitudo thelathini na tano nukta saba.
Nikaweka nukta kwenye ramani; ikaangukia hapa, mjini.
Mita mia nane za maji ya chumvi
chini ya Makole, chini ya foleni ya ndoo,
chini ya dumu la Mama Mbeleje la shilingi mia tano.
Nilikaa kidogo. Niliinua miguu kutoka sakafuni,
sijui kwa nini.

Tisa iliyosomwa tano. Meli iliyumba, au wino.
Thelathini na tisa nukta saba: mashariki ya Unguja.
Kidole kimoja, bahari ikarudi kwao.
Thamani ya zamani sikuifuta. Nimeiacha kando
na alama ya tano: imebadilishwa,
na Nyemo Chilongani, tarehe, sababu.

Nyumbani bomba lilikohoa likanyamaza.
Zamu yetu Alhamisi.
Ukutani nina karatasi ya kupimia: siku, ndoo ngapi.
Nilishika kalamu muda mrefu kuliko ilivyostahili,
kisha nikaandika sifuri.
Hapo nilikuwa najua.